Bajeti ya umeme, bomba na AC mnaipanga kwa kukisia, hasara mnambebesha fundi. Imenifika hapa!

Wakuu, naandika uzi huu saa nane za usiku kwa sababu usingizi umegoma. Jana jioni, kwenye saiti moja hapa Dodoma, nimewaambia vijana wangu sita kuwa wiki ya tatu hii hela haipo. Mmoja wao mkewe amejifungua mwezi uliopita. Hakugomba. Alikunja ovaroli lake, akalitia kwenye mfuko pamoja na plaizi yake, akaondoka kwa miguu kuelekea stendi. Heri angenitukana.

Mimi ni mkandarasi wa umeme na mabomba, mwaka wa 14 huu. Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB) nimesajiliwa, leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ninayo, kodi nalipa. Na karibu kila saiti ninayoingia mambo ni yale yale: kazi zetu zinapangiwa bajeti mwisho kabisa, kwa kukisia, na bajeti ikipasuka wa kunyooshewa kidole ni sisi. Safari hii nayasema yote.

Jengo lenyewe ni la ghorofa nne, nyumba 16 za kupangisha. Mwaka 2023 nilipopewa BOQ, yaani orodha ya vipimo na bei za kazi zote, ilikuwa na kurasa 41. Nondo zimepimwa kwa kilo, zege kwa mita za ujazo, vigae kwa mita za mraba, mpaka rangi ya geti ina mstari wake. Unafungua ukurasa baada ya ukurasa, unafika wa 39, unakuta mstari mmoja: "Umeme, maji safi, maji taka na viyoyozi, jumla: 110,000,000." Basi. Hakuna idadi ya soketi, hakuna mita za waya, hakuna ukubwa wa pampu, hakuna hata idadi ya vyoo! Nikamuuliza mkadiriaji majenzi wao hiyo milioni 110 imepatikanaje. Akanijibu kwamba amechukua asilimia 10 ya bajeti yote ya bilioni 1.1, ndivyo wanavyofanya siku zote.

Asilimia 10! Jengo lenye AC 32, pampu mbili, matangi juu ya paa na mabafu 16. Kwa kazi nilizofanya mimi, nyumba za kupangisha za aina hii hazijawahi kushuka chini ya asilimia 20, na ukiingia hospitali au hoteli unapanda mbali zaidi. Kuta mnazipima kwa sentimita, lakini vitu vinavyofanya mtu aweze kuishi ndani ya hizo kuta mnavikisia!

Nikachukua ramani, nikakaa siku tisa napima mwenyewe, chumba kwa chumba. Umeme ulikuja milioni 96. Mabomba na vyombo vya vyoo milioni 64. AC milioni 51. Pampu, matangi, kebo kuu na mfumo wa nje milioni 27. Jumla milioni 238. Nikapeleka karatasi zote, kila kitu na kipimo chake. Hakuna aliyefungua ukurasa wa pili. Mwenye jengo aliangalia jumla, akaiweka karatasi mezani: "Fundi, hapa umenipiga."

Tukavutana mwezi mzima. AC akasema atanunua mwenyewe, sawa, milioni 51 zikatoka. Hita za maji akasema hazihitaji, wapangaji watakoga maji ya baridi. Kebo kuu ikapunguzwa iwe ya milimita za mraba 16. Tukasaini milioni 165 mwezi Novemba 2023. Kwenye mkataba, kipengele cha mabadiliko ya bei kilikuwa kimekatwa mstari kwa kalamu. Nilikiona. Nilisaini kwa sababu nilikuwa na miezi mitatu bila kazi na vijana wananisubiri. Hilo kosa ni langu na nalikubali. Lakini hayo mengine siyakubali hata kidogo.

Ngoja niwaeleze habari ya shaba, kwa sababu watu wanadhani waya unapanda bei kwa tamaa ya wauzaji wa Kariakoo. Waya wetu hata ukitengenezwa hapa hapa Dar, shaba yake inauzwa kwa bei ya soko la London, kwa dola. Malori yanashusha shaba ya Zambia na Kongo bandarini kwetu kila siku, lakini bei yake hatuipangi sisi. Oktoba 2023, nilipokuwa napima, tani ilikuwa kwenye dola 8,000 na dola moja ni shilingi 2,500 hivi. Kwa hiyo kilo ya shaba ni kama shilingi 20,000. Slabu ya mwisho, yaani sakafu ya zege, ilimwagwa Aprili 2024, nikaenda kununua waya Mei. Mwezi huo tani ikapita dola 10,000, tarehe 20 ikavuka hata 11,000, na dola imefika karibu 2,600. Kilo ile ile ikawa zaidi ya 26,000, kabla hujaweka gharama za kiwanda, faida ya duka na VAT ya asilimia 18. Mimi nimeleta hiyo bei? Na kwa nini nisinunue mapema? Niliomba malipo ya awali ya asilimia 30 ninunue waya wote Desemba. Nikaambiwa hela yote iko kwenye nondo.

Halafu kuna slabu zenyewe, kabla hata ya huo waya. Hapa ndipo roho inaponiuma zaidi. Nilimwandikia mkandarasi mkuu mara mbili kwamba kabla ya zege anipe siku mbili kwa kila sakafu, niweke paipu za waya na niache matundu ya mabomba ya maji taka. Sakafu ya kwanza akanipa. Ya pili nimefika saa moja asubuhi nakuta mashine ya zege inanguruma na nusu ya slabu imeshamwagwa. Mchana wake ule nilisimama nikaona kijana wa vaibreta, mashine ya kushindilia zege, anakanyaga paipu zangu za milimita 20 juu ya nondo, moja ikapasuka mbele ya macho yangu na uji wa zege ukaingia ndani. Nikapiga kelele. Msimamizi akaniambia zege halisubiri mtu.

Mwezi mmoja baadaye tunapitisha waya wa kuvutia. Unaingia mita mbili unagota. Unasukuma, unazungusha, unavuta, ncha inarudi na vumbi la saruji. Paipu 14 kwenye sakafu moja zimeziba. Kila moja inamaanisha kupasua ukuta uliokwisha kupigwa lipu, kuweka paipu mpya, kuziba, na mpaka rangi inadaiwa kwangu. Mabomba ya inchi 4 ya vyoo nayo hayana pa kupita, kwa hiyo tumekodi mashine ya kutoboa zege na kutoboa matundu 11. Tundu la saba tukakuta bimu, boriti ya zege, iko chini yake, maana ramani ya mhandisi wa nondo na ramani yangu hakuna mtu aliyewahi kuzilaza pamoja mezani. Ikabidi bomba lizungushwe, dari ya choo cha chini ishuke sentimita 20, na tundu lililoharibika lizibwe kwa gharama yangu. Saa moja ya kukaa na ramani mbili ingeokoa yote haya.

Sasa hita. Desemba 2024, paa limeisha, kuta zimepigwa rangi, mwenye jengo ananipigia simu. Ametembelea nyumba za jirani, wapangaji wote wanataka maji ya moto. "Fundi, weka tu, tutaelewana." Hita za kuogea za papo kwa papo, 16. Nikamwambia, mzee, hii siyo kuchomeka tu. Kila moja inakula kilowati 4.5, inataka waya wake wa milimita za mraba 6 na breka yake. Hita zote ni kilowati 72. Weka AC 32 za BTU 12,000, ni kama 35 nyingine. Taa, soketi na pampu, zaidi ya 36. Hata ukichukulia kwamba nusu tu ndiyo itawaka kwa wakati mmoja, bado unahitaji karibu amperi 115 kwa kila fezi, yaani kila njia moja kati ya tatu za umeme wa jengo. Ile kebo ya 16 waliyoipunguza wao haifiki amperi 100. Kutoka mita ya TANESCO mpaka bodi kuu ni mita 60, kwa hiyo inatakiwa kebo ya 50. Kebo ya nyaya nne za 50 ina karibu kilo 1.8 za shaba kwa kila mita, ile ya 16 haifiki hata gramu 600. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Wewe ndiye mtaalamu, fanya."

Nikafanya. Maana nikiacha kebo ya 16 ichemke ardhini mpaka jengo liungue, wa kwanza kutafutwa ni mimi mwenye leseni.

Mwezi uliopita nimepeleka madai ya nyongeza: hita na nyaya zake milioni 9, tofauti ya kebo kuu milioni 5.5, matundu na kupasua kuta milioni 7, tofauti ya bei ya waya milioni 9.5. Jumla milioni 31. Yamerudi na sentensi moja: hakuna barua ya maelekezo, hayalipiki. Simu haihesabiki. Barua zangu mbili kuhusu slabu wanasema hazikupokelewa rasmi kwa kuwa hazina muhuri. Mkandarasi mkuu hatajwi popote.

Juu ya hapo wanashikilia asilimia 10 ya kila malipo mpaka mwaka mmoja wa uangalizi upite, na kodi ya zuio, ile anayokata mlipaji kabla hajakupa hela, wamekata asilimia 5 ya malipo yote, wakati sheria ya kodi ya mapato kwa kazi za ujenzi inagawa vifaa na huduma kwa uwiano wa 3 kwa 2, ile 5 inakatwa kwenye sehemu ya huduma peke yake. Kwenye cheti cha malipo cha milioni 60 nilipaswa kukatwa milioni 1.2. Nimekatwa 3. Nikamweleza mhasibu, akasema nikadai TRA.

Wenye majengo mnaosoma hapa, nawasihi. Kabla hujasaini na mtu yeyote, mlipe mhandisi wa umeme na mabomba akuchoree na akupimie, kila soketi na kila bomba kwenye mstari wake. Ukitaka kupunguza gharama, punguza hapo, kwenye karatasi: hita nje, AC zibaki vyumba vya kulala tu, tangi moja badala ya mawili. Hapo kufuta ni bure. Ukisubiri mpaka lipu imekauka, unalipia mara ya kwanza, unalipia kubomoa, unalipia mara ya pili. Na shaba inunuliwe mapema, ifungiwe stoo, hata kama nondo zitasubiri wiki mbili.

Wakadiriaji majenzi, hii tabia ya kuandika "jumla" iacheni. Mlisoma kupima. Pimeni.

NYONGEZA, saa moja asubuhi: Nimeona majibu. Mkuu uliyesema ningeweka bei kwa dola, kanuni zilizotoka Machi 2025 zimekataza kupanga bei za ndani kwa fedha za kigeni, na hata kabla ya hapo hakuna mwenye jengo wa mjini hapa angekubali. Njia halali ni kile kipengele cha mabadiliko ya bei walichokikata. Baraza la Taifa la Ujenzi linatoa viashiria vya bei kwa kazi hiyo hiyo, kwa hiyo siyo kitu cha kubuni.

Dada uliyeuliza kama nina ushahidi wa simu: ninao ujumbe wa sauti wa WhatsApp, anasikika akisema "weka zote 16". Pia nina picha za zege la sakafu ya pili, zina tarehe, na yule kijana wa vaibreta anaonekana amesimama juu ya paipu.

Na wewe uliyeandika kwamba mafundi umeme wote ni wezi, njoo saiti nikuonyeshe paipu moja iliyoziba. Nimeikata, ninayo kwenye gari. Ni zege tupu ndani, kama mkongojo.

Kikao cha madai haya ni Jumatatu saa tatu. Nimechapa nakala tano za vipimo vyangu vya 2023 na nakala tano za madai. Kama kuna mkadiriaji majenzi au mwanasheria humu aliyewahi kushughulikia maelekezo ya mdomo na yakalipwa, naomba aniandikie hapa hapa kabla ya Jumapili jioni. Vijana nimewaambia wanipe mpaka Jumanne.