Tupeane uzoefu: jambo la mtaa wako lilipitaje kwenye vikao vya halmashauri ya mji?

Ndugu zangu, habari za majukumu. Katika miji yetu midogo, ile yenye stendi moja na soko moja, halmashauri huzungumzwa zaidi wakati wa uchaguzi au pale ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali inapotoka. Vikao vya kawaida vinavyoamua nani apewe kizimba sokoni, taka zikatupwe wapi na zahanati ipi ikamilishwe kwanza vinapita kimyakimya, na wengi wetu tunapata habari zake greda likiwa limekwisha kufika au kibanda kikiwa kimekwisha kuwekewa alama ya X ya kubomolewa.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa katika mji mmoja wa Kanda ya Ziwa, Tanzania Bara, na msimamo wangu ni huu: jambo la mwananchi mara chache hukataliwa ukumbini. Kwa kawaida huwa limekwisha kupotea njiani, kwa sababu halikuandikwa vizuri kwenye muhtasari wa kikao cha chini. Njia yenyewe ni ndefu. Mkutano mkuu wa mtaa huazimia, kisha azimio hupelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni mtendaji wa kata. Kutoka hapo huenda kwa wakuu wa idara, kisha kwenye kamati ya kudumu inayohusika, na mwisho kwenye Baraza la Madiwani linaloketi kila robo mwaka. Katika kila ngazi kuna mtu anayefupisha.

Kwetu wananchi waliazimia kwamba eneo la kukusanyia taka lililo jirani na shule ya msingi lihamishiwe kwenye kiwanja cha wazi nyuma ya machinjio, na walitaja hadi upande wa kuingilia gari la taka. Azimio hilo lilipofika kwenye taarifa ya kata likawa sentensi moja isemayo kwamba wananchi walijadili hali ya usafi wa mazingira. Idara ya usafi haikuwa na cha kutekeleza, kwa kuwa hapakuwa na mahali, sababu wala ombi. Robo iliyofuata tulirudi na barua ya mtaa iliyoambatishwa muhtasari wenye sahihi ya mwenyekiti na mtendaji, pamoja na orodha ya mahudhurio, tukaomba nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Safari hiyo jambo lilifika kwenye Kamati ya Mipango Miji na Mazingira likiwa zima, na eneo limehamishwa.

Naomba tupeane uzoefu. Tafadhali anayelalamikia ofisi asiitaje jina, aeleze utaratibu ulivyokwenda, ili mwingine ajifunze.

Mtendaji wa kata mstaafu, Nyanda za Juu Kusini

Mleta mada umenigusa, kwa sababu mimi nilikuwa miongoni mwa hao wanaofupisha. Naomba nieleze jinsi mambo yanavyoonekana kutoka upande wa pili wa meza. Siku ya kwanza ya mkutano wa baraza kwa kawaida hutengwa kwa taarifa za kata, na kila diwani husimama na kuwasilisha ya kwake. Siku ya pili ni ya taarifa za kamati za kudumu, ambako ndiko kuna maamuzi yenyewe. Mtendaji akipeleka taarifa ya kurasa nyingi, hakuna atakayeisoma. Makabrasha ya baraza ni mazito, na madiwani wengi huyapata siku chache tu kabla ya kikao. Kwa hiyo mtendaji hupunguza, na anayepunguza hubakiza kile kilichoandikwa wazi na kuacha kilichoandikwa kwa maneno ya jumla.

Mahali ambapo ningewashauri wananchi wapaangalie kuliko pengine popote ni kwenye yatokanayo na kikao kilichopita. Watu wengi huona sehemu hiyo ni ya kupitisha muda kabla ya ajenda kubwa, ilhali ndiyo sehemu pekee ambayo ahadi ya robo iliyopita inaitwa kwa jina na mkuu wa idara anatakiwa kuijibu mbele ya baraza. Jibu linalopendwa sana pale ni kwamba utekelezaji unaendelea. Diwani makini hataridhika na jibu hilo. Atauliza kasma gani, yaani fungu gani la bajeti, imelipia, kiasi gani kimetoka na kazi itakamilika lini, na majibu yake yataingia kwenye muhtasari. Diwani akinyamaza, hoja huandikwa kuwa imetekelezwa, na ikishaondolewa kwenye yatokanayo kuirudisha ni kazi ya kuanza upya tangu mtaani.

Jambo jingine ni kujua kipi si cha halmashauri. Tangu mwaka 2017 barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara hizo, na maji ya vijijini yamekuwa chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, tangu sheria ya maji ya mwaka 2019. Meneja wa TARURA hualikwa kwenye baraza, hueleza na hupokea lawama, lakini mkurugenzi wa halmashauri si mwajiri wake. Nimeona madiwani wakitumia asubuhi nzima kugombana kuhusu kalvati ambalo baraza halina fedha zake, na ajenda ya ada za soko, ambayo ni ya kwao kabisa, ikapitishwa dakika za mwisho watu wakisubiri chakula.

Mama wa kikundi cha usindikaji, Morogoro

Shikamoo mzee mtendaji, na ahsante kwa kutufungulia kabrasha. Mimi nitasema kuhusu mikopo ya asilimia 10, ile isiyo na riba inayotengwa kutoka mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huu uliwekwa kwenye sheria mwaka 2018, ukasimamishwa mwaka 2023 ili upitiwe upya, kisha ukarejeshwa mwaka 2024.

Kikundi chetu kilikuwa na kila kitu kilichotakiwa, yaani usajili, katiba, akaunti ya benki na andiko la mradi. Tulilodhani ni kwamba maombi yakikamilika yanajibiwa. Kumbe maombi hupita kwenye vikao kama jambo jingine lolote: afisa maendeleo ya jamii wa kata huyahakiki, kamati ya kata huyajadili, kisha huenda halmashauri. Sisi tuliwasilisha wiki ambayo kamati ya kata ilikuwa imekwisha kukaa. Hakuna aliyetukatalia, wala hakuna aliyetuambia. Faili lililala hadi kikao kingine, na msimu wa matunda ukapita.

Ninachowashauri wanawake wenzangu ni kuomba ratiba ya vikao ofisi ya kata mwanzoni mwa mwaka wa fedha, yaani Julai. Ratiba hiyo ipo, si siri. Ukiishajua kamati itakaa lini, rudi nyuma na uhesabu muda wa afisa kukutembelea na kuandika taarifa yake, ndipo utajua siku ya kupeleka karatasi. Na usiende peke yako. Mwenyekiti, katibu na mhazini wa kikundi wafike pamoja, kwa maana swali likiulizwa kuhusu hesabu na mhazini hayupo, mnaambiwa mje siku nyingine.

Mkaazi wa mji mdogo, Kenya

Kwetu Kenya mabaraza ya miji na madiwani wake yaliondoka pamoja na mfumo wa zamani baada ya uchaguzi wa mwaka 2013, serikali za kaunti 47 zilipoanza. Kwa muda fulani mji wetu haukuwa na mwenyewe: taa za barabarani zikizimika, unaelekezwa makao makuu ya kaunti. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011, iliyorekebishwa mwaka 2019, ndiyo iliyoruhusu miji iliyofikisha idadi fulani ya watu kupewa hati ya manispaa na kuendeshwa na bodi pamoja na meneja.

Tofauti na ndugu zetu wa Tanzania, wajumbe wa bodi hawapigiwi kura na wananchi wote. Baadhi huteuliwa na gavana kwa idhini ya bunge la kaunti, na wengine hutokana na vyama vya kitaaluma, sekta binafsi, sekta isiyo rasmi na vyama vya mitaa. Kwa hiyo anayetaka jambo lake lifike mezani hana budi kujua ni nani anayeliwakilisha kundi lake. Sisi wauza mitumba tulihangaika sana na mwakilishi wadi wetu, ambaye kikao chake kiko katika bunge la kaunti, ilhali mpango wa kuhamisha soko ulikuwa ukijadiliwa na bodi. Tulipomfikia mjumbe aliyetoka chama cha wafanyabiashara, ndipo tulipoalikwa kwenye kikao cha ushirikishwaji wa umma, tukaeleza kwamba sehemu mpya haina choo wala njia ya matatu. Mpango haukufutwa. Ulichelewa hadi choo kikajengwa, nasi hatukuwa tumeomba zaidi ya hilo.

Mwenyekiti wa kitongoji, mji mdogo, Kusini mwa Tanzania

Nyie wa halmashauri za miji mna nafuu. Mji wetu ni mamlaka ya mji mdogo, iliyo ndani ya halmashauri ya wilaya. Wenyeviti wa vitongoji ndio wajumbe, tunachagua mwenyekiti miongoni mwetu, na tuna afisa mtendaji wa mji. Tunaketi, tunaazimia, tunaandika muhtasari mzuri kabisa, lakini mkoba wa fedha uko wilayani. Ushuru wa soko letu hukusanywa kwa mashine za kielektroniki na kuingia kwenye akaunti ya halmashauri ya wilaya, kisha tunasubiri kurudishiwa sehemu kwa ajili ya uendeshaji.

Kilichotusaidia ni bajeti, si hoja. Fedha ambayo haikuingizwa kwenye makisio kabla baraza la wilaya halijapitisha bajeti, miezi michache kabla ya Julai, haitapatikana hata mkurugenzi akikubaliana nanyi kwa moyo mmoja. Tangu tulipoanza kupeleka vipaumbele vyetu mapema, vikiwa vitatu tu na vyenye makadirio ya mhandisi, tumepata paa la soko. Zamani tulikuwa tukipeleka orodha ndefu kama ya mahari, na wilaya ikichagua kile kilicho rahisi kwake.

Mkongomani wa Kivu, sasa Winooski, Vermont, Marekani

Nimesoma kwa makini, nikaona niongeze kidogo. Ninaishi katika mji wenye watu takriban 8,000, na miongoni mwetu wahamiaji si haba. Mwaka 2021 bunge la jimbo liliruhusu wakaazi halali wasio raia wapige kura katika mambo ya mji huu, na tulipiga mara ya kwanza Machi 2022. Jumanne ya kwanza ya Machi ndiyo siku ambayo miji ya Vermont huamua bajeti zake. Katika miji mingi midogo ya jimbo hili wananchi huketi ukumbini na kuijadili bajeti kipengele kwa kipengele, hata ya kununua gari la kuondoa theluji.

Linalohusiana na mada ni sheria ya mikutano ya wazi ya jimbo. Ajenda ya kikao cha kawaida lazima iwekwe hadharani saa 48 kabla, na muhtasari uwe umepatikana ndani ya siku 5. Kule Kongo nilikotoka sikuwahi kuona ajenda ya kikao cha commune, yaani serikali ya eneo letu la mji. Tulisikia tu maamuzi kutoka kwa chef de quartier, yaani mkuu wa mtaa. Hapa nimesoma muhtasari wa kikao nisichohudhuria, nikakuta hoja ya maegesho ya gari wakati wa theluji, nikaandika barua kabla ya kikao kilichofuata.

Diwani mstaafu wa viti maalumu, Tanzania

Bila kumpinga mleta mada, naomba niongeze jambo la sheria ndogo, kwa sababu ndiko wananchi wanakoumia bila kujua walipewa nafasi. Halmashauri ikitaka kuweka au kubadili ada ya kizimba, ya usafi au ya machinjio, rasimu hutakiwa kutangazwa kwanza ili watu watoe maoni na mapingamizi, ndipo baraza lipitishe na waziri mwenye dhamana aidhinishe kabla ya kuchapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Tangazo hubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata au mtaa, pembeni ya matangazo ya minada na ndoa, na muda wa maoni hupita. Nimekaa kwenye kikao ambamo mwanasheria wa halmashauri aliulizwa mapingamizi mangapi yamepokelewa, akajibu hakuna, na ada ikapita. Mwezi uliofuata soko zima lilikuwa limefungwa kwa mgomo.

Mleta mada

Nashukuru sana. Kuna aliyeniuliza pembeni kama mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kuingia kwenye Baraza la Madiwani. Ndiyo, vikao vya baraza ni vya wazi, unakaa sehemu ya wasikilizaji na kunyamaza. Kamati za kudumu ni za wajumbe na wataalamu. Swali lako hupitia kwa diwani, na kanuni za kudumu zinataka aliwasilishe kwa maandishi mapema ili lipangiwe jibu. Kwa hiyo ukilipata wazo lako asubuhi ya kikao, mpe diwani kwa ajili ya robo inayofuata, kisha upitie ofisi ya kata wiki moja baadaye kuhakikisha kwamba limeandikwa. Wenye uzoefu wa serikali za mitaa za Zanzibar, ambako sheha, kiongozi wa shehia, huteuliwa badala ya kupigiwa kura, bado tunawasubiri.