Skripti ya PHP inatoa onyo sehemu ya fomu isipojazwa

Swali
Ndugu wataalamu, ninatunza skripti ya PHP inayopokea fomu za kujiunga na chama chetu cha akiba na mikopo. Tangu seva ihamishwe kutoka toleo la 7.4 la PHP kwenda la 8, mwombaji asiyeweka alama kwenye kisanduku cha kukubali ujumbe wa simu hukuta juu ya ukurasa maneno `Warning: Undefined array key "ujumbe"`. Aidha, anayeandika 0 kwenye idadi ya wategemezi huambiwa kwamba hajajaza. Mwenzangu ananishauri nitangulize alama ya @ ili onyo litoweke. Je, yuko sahihi?

Jibu la 1
Hapana, kwa sababu @ huficha onyo na kuacha kasoro ilipo. Kasoro hiyo ilikuwapo hata kwenye 7.4, ila wakati huo ilihesabiwa kuwa taarifa ndogo, na toleo la 8.0 likaipandisha kuwa onyo. Sehemu ya maandishi iliyoachwa wazi hutumwa ikiwa tupu, lakini kisanduku kisichowekwa alama hakitumwi kabisa. Andika hivi, ambapo `??` huchukua thamani ya kulia pale ya kushoto inapokosekana:

`$ujumbe = $_POST['ujumbe'] ?? 'hapana';`

Kuhusu wategemezi, nadhani umetumia `empty()`, ambayo huihesabu "0" kuwa tupu. Afadhali `filter_input()` pamoja na `FILTER_VALIDATE_INT`: sehemu isipotumwa hurudisha `null`, thamani isipokuwa namba kamili hurudisha `false`, na ikiwa sawa hurudisha namba yenyewe. Linganisha kwa `===`, inayopima thamani pamoja na aina yake, la sivyo 0 itachukuliwa kuwa `false`.

Jibu la 2
Naunga mkono, kwa tahadhari moja. Alama ya `??` inafaa pale tu ambapo kukosekana kwa thamani kuna maana inayojulikana, kama kwenye kisanduku hicho. Ukiitumia kila mahali, mwombaji ambaye namba yake ya kitambulisho haikufika ataingizwa kwenye hifadhidata akiwa na namba tupu, na hakuna atakayejua mpaka siku anapoomba mkopo. Sehemu ya lazima ikikosekana, simamisha kazi, mrudishie fomu ikiwa na yale aliyokwisha kuandika, na uweke maelezo ya kosa kando ya sehemu husika.

Hifadhidata isipopatikana, hilo si kosa la mwombaji. Tangu 8.0, PDO (kiungo cha PHP na hifadhidata) hurusha hitilafu yenyewe bila kuagizwa. Idake, iandike kwenye logi, rudisha msimbo wa 500 (kosa la upande wa seva), na umwambie mtu kwa sentensi moja kwamba ajaribu tena baadaye. Kwenye seva ya kazi `display_errors` izimwe na `log_errors` iwashwe, kwa kuwa onyo ulilolinukuu humwonyesha mgeni hata mahali faili lilipo ndani ya seva.

Muulizaji
Nashukuru, 0 sasa inapokelewa. Je, kurudisha alichoandika mtu hakuna hatari?

Jibu la 2
Ipo, ukirudisha kama kilivyo. Kipitishe kwanza kwenye `htmlspecialchars()`, ili alama za HTML zilizoandikwa humo zionekane kama maandishi tu badala ya kutekelezwa na kivinjari, na nywila usiirudishe kamwe. Kumbuka pia kwamba mtu anaweza kutuma `jina[]` badala ya `jina`, ukapokea safu mahali pa maandishi; katika toleo la 8 `trim()` ikipewa safu hurusha `TypeError`, kwa hiyo hakikisha kwa `is_string()` kabla ya kuiita.