Kompyuta ya mkononi inanirudisha kwenye pasiwedi kila nikiingia, shida ni memori?

KaraniMwaloni:
Habari za mchana wakuu. Nina kikompyuta cha mkononi cha kazini, Android, memori ya ndani GB 16. Ndicho tunachoandikia dagaa wanaoshuka Mwaloni hapa Kirumba, Mwanza: boti, mwenye mzigo, magunia, na picha ya mzani. Tangu jana nikifungua programu ya kazi naweka namba na pasiwedi, kinazunguka weee, halafu kinanirudisha palepale. Hakisemi nimekosea. Bando lipo, meseji za WhatsApp zinaingia ila picha hazishuki. Kinalalamika nafasi inakaribia kujaa, nikachomeka memori kadi ya GB 32, wapi! Kuna rekodi za mizigo ya visiwa vya Ukara na Goziba sijazituma na bosi anazitaka leo.

Kijana_Nyegezi:
Kiriseti tu mkuu, kinarudi kama kilivyotoka kiwandani. Chap kwa haraka.

FundiMakoroboi:
Karani, usiguse hiyo riseti! Rekodi ambazo hazijatumwa zinakaa ndani ya programu yenyewe. Ukiriseti, ukiiondoa programu, au ukibonyeza "Futa data", mizigo ya Ukara ndiyo basi tena. Kufuta akiba ya programu (cache, yaani vitu vya muda tu) kwa kawaida hakuna neno.

Pasiwedi yako naona haina kosa. Seva ikishaikubali inatuma kibali cha kuingia, na kibali hicho lazima kiandikwe kwenye memori ya ndani. Kikikosa pa kuandikwa, programu inakuona mgeni, inakuuliza upya. Kadi haikusaidia kwa sababu inabeba picha na video. Programu bado inaandika vitu vyake ndani.

Ingia Mipangilio, sehemu ya hifadhi, uone nani kala nafasi. Hapa dukani mara nyingi namkuta WhatsApp, maana nyie watu wa dagaa kwenye magrupu mnatumiana hadi video za harusi. Hizo futa au hamishia kwenye kadi. Picha za mzani ziache kwanza, huenda programu itazitafuta wakati wa kutuma. Kisha safisha na takataka za galari. Google Photos, kwa mfano, inashikilia ulizofuta kwa siku 30, au 60 kama zilishapanda mtandaoni, ndiyo maana mtu anafuta weee na nafasi haiongezeki. Ukipata hata GB 1 au 2, zima, washa, ndipo ujaribu kuingia.

MamaIgoma:
Aangalie na tarehe. Changu kiliisha chaji kabisa, kikawaka na tarehe ya miaka ya nyuma, kikagoma kuingia popote.

FundiMakoroboi:
Kweli mama, tarehe ikiwa mbovu simu inakataa vyeti vya usalama vya seva. Ila hapo hata WhatsApp ingelalamika, na yake inaleta meseji.

KaraniMwaloni:
Fundi, Mungu akubariki. Video za magrupu peke yake zilikula zaidi ya GB 3! Nimezitoa, nikazima na kuwasha, kimeingia. Mizigo yote ipo, ya Goziba inapanda sasa hivi. Picha za mzani zilizokwishatumwa nifute?

FundiMakoroboi:
Subiri ofisini wakuambie wanaziona kwao. Na ushushe ubora wa kamera, namba za mzani zinasomeka hata kwenye picha ndogo.