Kufungia nyanya na miche: rababendi, tyubu ya baiskeli au kamba ya mgomba?

Mchicha_Gungu (Kigoma)
Wadau, habari za asubuhi. Nina matuta sita ya nyanya nyuma ya nyumba hapa Gungu na mvua ndiyo hizi zinaanza. Msimu uliopita nilifungia kwa rababendi, ile mipira ya kufungia noti. Shangazi ana duka, hunipa zilizolegea. Kazi ilikwenda haraka sana: unazungusha shina pamoja na mti wa kuegemezea, unapitisha, umemaliza. Lakini mchumo wa pili haujafika, karibu nusu ya mimea ilikuwa imelala chini. Mipira yenyewe nikiishika inakatika kama tambi mbichi.
Sasa kabla sijasimika miti naomba ulinganisho wa waliotumia: rababendi, mpira wa tyubu ya baiskeli, au kamba ya mgomba. Na kama kuna kitu cha nne, semeni.

Spoku_Tbr (Tabora)
Mimi ni fundi baiskeli Isevya, kwa hiyo mjue kabisa navutia upande wangu.
Tyubu. Ila watu wengi wanaikata vibaya. Wanaichana kwa urefu wapate kamba, halafu wanahangaika na mafundo. Wewe ilaze mezani, chukua mkasi, ikate kwa upana kama unavyokata bamia, kila pete upana wa kidole kidogo. Tyubu moja inakupa rababendi nyeusi za kufungia hayo matuta yako yote na zinabaki. Mti ukiwa mnene, tafuta tyubu ya pikipiki, pete zake ni kubwa zaidi.
Kwa nini zako zilikatika: ile ya noti ni mpira wa utomvu wa mti. Jua linaukausha, na hewa yenyewe ina ozoni inayoutafuna, hasa mpira ukiwa umevutwa. Ndiyo maana ukiuweka kabatini unakaa, ukiuvuta kwenye mti juani unapasuka nyufa nyufa kama kisigino cha kiangazi. Tyubu nyingi za siku hizi ni za butili, mpira wa kiwandani unaovumilia jua na ozoni kuliko ule. Zangu za kufungia pasheni zina misimu mitatu, bado nazivuta.

Mama_Migomba (Kasulu)
Spoku, tyubu yako haiozi na hapo ndipo ubaya wake. Jirani yangu alifunga mipapai michanga kwa tyubu akasahau. Mwaka uliofuata mpira ulikuwa umezama ndani ya gome, juu yake shina limevimba kama goti. Upepo ulipokuja ulivunja hapo hapo.
Mimi sijawahi kununua cha kufungia. Nabandua yale maganda makavu ya shina la mgomba, naloweka usiku mmoja, asubuhi nachana kwa ukucha. Yakiwa mabichimabichi yanafungika kama kitambaa. Na nyanya haifungwi kwa kuikumbatisha mti, mwanangu. Pitisha kamba nyuma ya shina, ipishane katikati, ndipo uizungushe kwenye mti, iwe kama namba nane. Fundo likae upande wa mti, na kwenye shina kidole chako kipite. Msimu ukiisha nang'oa nyanya na kamba zake naenda kutupa kwenye mboji, sichambui kitu.
Kasoro yake naisema: mvua zikikaza inaoza. Huwa nafunga upya mara moja katikati ya msimu.

Mchicha_Gungu
Shikamoo Mama. Hiyo ya kuikumbatisha ndiyo hasa niliyofanya. Nimekwenda kuangalia mabua ya zamani, yana alama ya pete, juu ya alama pamenenepa. Kumbe mingine haikuanguka kwa mpira kukatika, ilikabwa.
Tatizo hapa mjini sina mgomba hata mmoja.

Bebesha_Ipuli (Tabora)
Mnaitukana rababendi kwa kuipa kazi isiyo yake. Ilisajiliwa London mwaka 1845 kwa ajili ya kushika karatasi na bahasha. Haikuahidi mtu nyanya.
Mimi nabebesha miembe, yaani naunga kikonyo, kijiti cha mwembe mwingine, kwenye shina la mche. Huko, kukatika kwake ndiyo sifa. Zamani tulifungia vipande vya mifuko ya plastiki. Mifuko ikapigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na hata kabla ya hapo plastiki ilikuwa na dhambi moja: usipokwenda kuifungua, inakaba kikonyo kilichokwisha kushika. Rababendi pana nimeikata ikawa utepe, naizungusha kutoka chini kwenda juu, kila mzunguko nauvuta kidogo, ncha naichomeka chini ya mzunguko wa mwisho. Inabana maganda mawili yagusane. Kikonyo kikishachipua na shina kuanza kunenepa, mpira umeshachoka kwa jua, unapasuka wenyewe.
Angalizo: haizibi maji. Ukiacha wazi mvua inaingia kwenye mkato na kikonyo kinaoza. Funika kwa kimfuko au weka miche kivulini. Na usitumie tyubu hapa, ni nene mno, haikai vizuri kwenye shina jembamba kama penseli.

Mzee_Mawese (Ujiji)
Vijana, naona mnabishana kufunga tu. Mimi rababendi ninayo kwenye kijiti cha kupandia. Naivalisha sentimita nne kutoka kwenye ncha, nachoma ardhi mpaka mpira uguse udongo, natia maharage mawili, nasogea. Yanaota siku moja kama askari gwaride. Nyingine nafungia mfuko wa karatasi kwenye mapera yangali mabichi, inzi wa matunda asipate pa kutaga. Hapo mpira unakaa kwenye kikonyo cha tunda wiki chache tu, hauna muda wa kuharibika.
Lakini zikishaanza kukatika, ziokote. Mwaka jana tulichinja jogoo, firigisi ilipopasuliwa tulikuta mipira mitatu imejikunja humo. Kuku anaona mnyoo. Mke wangu tangu siku hiyo hataki kuiona bustanini.

Spoku_Tbr
Shikamoo mzee. Hiyo ya kijiti nimeiiba.
Mama_Migomba, nakubali kwa mti unaonenepa miaka na miaka. Lakini nyanya inaishi miezi mingapi? Kwa nyanya siondoki kwenye tyubu. Ukimaliza msimu unavua pete zako, unasuuza kwa maji ya sabuni, unatundika kwenye msumari.

Mama_Migomba
Kusuuza ni muhimu kuliko unavyolisema, baba. Nyanya zikiugua, ule ugonjwa unaosafiri na mipira na miti yako unaukuta msimu ujao. Kamba yangu haina safari ya pili.

Mtumbwi_Kibirizi (Kigoma)
Cha nne: nyavu chakavu. Hapa mwaloni zinatupwa. Nyuzi zake ni imara mno, nilifungia nyanya, zikakata mashina kama wembe. Usijaribu. Wavu wenyewe mzima ni mzuri kwa kutandaza matango yapande, lakini uzi mmoja mmoja hapana.

Bebesha_Ipuli
Huku wengine wanafungia zile nyuzi za tumbaku, zinazofungia majani kwenye fito kabla ya kuingia banini, banda la kukaushia. Afadhali kuliko nyavu, ila nazo ni nyembamba, unazungusha mara mbili.

Mchicha_Gungu
Nimeelewa. Nyanya naenda na pete za tyubu, kwa mtindo wa nane. Rababendi za shangazi zitabaki kwa mapera na kijiti cha mzee. Matuta mawili nitajaribu kamba ya mgomba, kuna mama sokoni anakuja na ndizi zimefungwa nayo, nitamwomba.
Spoku, pete unapitishaje kama nane wakati haifunguki? Mti nimeshausimika, na shina lina majani.

Spoku_Tbr
Huvalishi kutoka juu. Shika pete kwa vidole, izungushe nyuma ya shina pale chini ya jani, macho yake yote mawili, yaani ncha mbili za pete, yapishane katikati yaje upande wa mti. Chomeka kijiti kidogo kwenye macho yote mawili nyuma ya mti, kijiti kinazuia. Kuilegeza pete unachomoa kijiti. Spoku mbovu iliyokatwa inafaa zaidi, haivunjiki, lakini kunja ncha yake isikutoboe.