Gredi ya 7 Voi: shule iliyojaa au yenye watoto wachache?

MamaZai: Habarini. Januari tunahamia Voi kutoka Mombasa, kijana anaingia Gredi ya 7. Nimebaki na JSS (sekondari ya chini) mbili za serikali. Moja imejaa pomoni, nyingine darasa lina watoto 19 tu. Ipi ina matokeo mazuri? Naamua wiki hii.

Kasigau_77: Mtaa gani? Atatembea au bodaboda? Umetuuliza bei ya gunia bila kusema la nini.

BabaPendo: Nenda ya wachache. Mwalimu atamjua mtoto kwa jina.

MwlMstaafu: BabaPendo, pole pole. Mgao wa serikali ni Sh15,042 kwa mtoto kwa mwaka. Piga hesabu, 19 wanaleta shilingi ngapi? Hata walimu hupelekwa kwa kuangalia idadi. Shule ndogo utakuta watatu wamegawana masomo yote, wa Kiswahili kashikishwa Hisabati. Na hayo "matokeo" mama unayaulizia, KPSEA, ule mtihani wa Gredi ya 6, haipangi shule kwa nafasi. Anayekuambia ni namba mbili Voi amejitungia.

DadaSofia: Mimi yalinikuta, na shule ilikuwa ya wengi. Muhula wa pili 2024 walimu wanagenzi waligoma, wengi walikuwa wakilipwa 17,000 tu, siwalaumu. Binti alikuwa Gredi ya 8. Kila jioni namuuliza mmesoma nini, "tumesoma." Siku moja nikafungua daftari la Sayansi. Tarehe imeandikwa kwa wino mwekundu, mstari umepigwa kwa rula, chini patupu. Kurasa kumi na moja hivyo! Alikuwa anaandika tarehe kila asubuhi akisubiri mwalimu. Nikaenda kwa mkuu, akanionyesha chumba cha walimu, viti vitupu. Mzee wa watu hata hakujitetea. Kwa hiyo MamaZai, omba daftari la mtoto anayesoma pale, ulifungue mwenyewe.

BabaPendo: Mgomo ulikuwa nchi nzima, usiutupie wingi wa watoto.

DadaSofia: Nimeutupia wapi? Soma tena.

MwlMstaafu: Daftari ni wazo zuri. Kwenda sekondari ya juu KPSEA ni asilimia 20, kazi za shuleni 20, KJSEA, mtihani wa Gredi ya 9, 60. Hiyo 20 ya katikati inatoka kwa mwalimu aliyepo darasani.

MamaZai: Asanteni. Tutakaa Mwakingali. Ile ndogo iko mbali kidogo, upande wa mbugani.

Kasigau_77: Sasa ndiyo unasema! Anatoka saa ngapi asubuhi? Ndovu je?

BabaPendo: Kuna ua wa umeme.

Kasigau_77: Ua gani? Juzi shamba la mjomba limebaki mabua. Askari wa wanyamapori wa KWS walifika jua limeshawaka.

DadaSofia: Na fidia mpaka leo?

Kasigau_77: Fidia! Fungua uzi wake, hapa hatutamaliza.