Naomba ushauri: "nina amani moyoni" inatosha kuamulia jambo?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Naongoza kipindi cha Biblia cha vijana kanisani kwetu, na kuna swali limetukwamisha.

Binti mmoja ana mchumba ambaye wazazi hawamtaki. Anasema ameomba, na ana amani moyoni, hivyo Mungu ameridhia. Anashika Wakolosai 3:15, "amani ya Kristo iamue mioyoni mwenu." Mwenzake akamjibu kwa Yeremia 17:9, kwamba moyo ni mdanganyifu kuliko vitu vyote. Binti naye hakukosa la kusema: hilo ni la moyo wa kale, wakati Ezekieli 36:26 inaahidi moyo mpya, wa nyama badala ya jiwe. Kikao kikawaka moto!

Nimerudia kusoma Wakolosai 3 yote. Kwa macho yangu Paulo anazungumzia waumini kuchukuliana na kusameheana, maana anaendelea, "ndiyo mliyoitiwa katika mwili mmoja." Sioni habari za kuchagua mchumba pale. Mzee wa kanisa niliyemuuliza alisema tuombe tu. Sawa, tunaomba, ila vijana wanataka jibu.

Naomba mnisaidie mawili. Je, Yeremia 17:9 bado inamhusu aliyeokoka, au Ezekieli 36 imeshaifuta? Na je, kuna andiko lenye mtu aliyeamua jambo kwa utulivu wa moyo pekee? Mkinipa sura na mstari nitashukuru, tunakutana tena Jumapili hii. Huyo binti anaweza kuwepo, kwa hiyo naomba majibu yawe ya upole.