Naomba ushauri: Korg Minilogue na REAPER, traki iko kimya, nota zinajirudia na kuna mvumo

Kinanda_Tanga

Ndugu zangu, salaam. Ninatunga muziki wa vipindi vya redio, na kwa muda mrefu nimetegemea sauti za ndani ya kompyuta peke yake. Sasa nimepata sinthesaiza (kinanda cha kielektroniki kinachounda milio) ya Korg Minilogue, ile ya analogi yenye vitufe 37 vyembamba, kwa sababu besi yake ina uzito ambao sijawahi kuupata kwenye sinthesaiza yoyote ya programu. Nimeiunganisha na kompyuta mpakato ya Windows kwa waya wa USB, REAPER, programu yangu ya kurekodi, imeitambua, na nikicheza, nota zinaandikika kwenye traki bila shida. Nikirudi nyuma kusikiliza, hakuna kinachosikika.

Ninayo kadi ya sauti ya nje, Focusrite Scarlett 2i2, ambayo huitumia kwa vipaza sauti vya watangazaji. Nilipopitisha waya wa jeki kutoka kwenye sinthesaiza hadi kwenye kadi hiyo, sauti ilipatikana, ila yakajitokeza mambo matatu. Kila nota inasikika kana kwamba imepigwa mara mbili kwa kufuatana upesi. Kuna mvumo na mlio mwembamba chinichini usiokoma hata nisipogusa kitu. Na sauti niliyorekodi inakaa nyuma kidogo ya mapigo ya ngoma. Naomba msaada wa yeyote anayekifahamu chombo hiki, maana kazi ninayo mkononi na nisingependa kuirudisha sinthesaiza kabatini.

FundiSauti_Morogoro

Mkuu, hongera kwa chombo hicho. Tuanze na ule ukimya, kwa kuwa ukishakielewa chanzo chake utaona wazi hayo mengine yanatoka wapi.

Waya wa USB wa Minilogue haubebi sauti hata chembe. Unabeba MIDI tu, yaani maagizo: nota gani imebonyezwa, kwa nguvu kiasi gani, imeachiliwa lini, na kifundo gani kimezungushwa. MIDI ni kama karatasi ya nota, nayo haiimbi mpaka awepo wa kuisoma. Zipo sinthesaiza zinazopitisha sauti pamoja na maagizo kwenye waya mmoja wa USB, kwa mfano Yamaha MODX, na nadhani ndizo zinazowafanya wengi waamini kwamba zote ziko hivyo. Yako inahitaji njia mbili, na kila njia ina mipangilio yake.

Kwenye njia ya maagizo, fungua mipangilio ya vifaa vya MIDI ndani ya REAPER uangalie majina kwa makini, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopotea. Upande wa kuingia utakuta "minilogue KBD/KNOB" na "minilogue MIDI IN". Upande wa kutoka utakuta "minilogue SOUND" na "minilogue MIDI OUT". Chagua KBD/KNOB kuwa mlango wa kuingia, kisha SOUND kuwa mlango wa kutoka. Ile miwili mingine ni ya matundu ya pini tano yaliyo mgongoni mwa chombo. Ukituma nota kwenye MIDI OUT, zitapita kwenye tundu hilo kwenda kutafuta chombo kingine, na Minilogue yenyewe haitatoa mlio wowote. Baada ya hapo nenda kwenye traki yenye nota, fungua dirisha lake la njia za kutoka, na uelekeze MIDI kwenye SOUND. Traki itaanza kuipiga sinthesaiza.

Kwenye njia ya sauti, jeki ya robo inchi itoke kwenye tundu la OUTPUT iingie kwenye ingizo la kwanza la 2i2, na ingizo hilo liwe kwenye LINE, lisiwe kwenye INST, ambalo ni la gitaa. Minilogue inatoa sauti ya mono, yaani ya njia moja tu bila kushoto na kulia, kwa hiyo fungua traki ya pili ya mono inayosikiliza ingizo la kwanza. Ukichagua stereo ya ingizo la 1 na la 2, utaisikia sinthesaiza kwenye sikio la kushoto tu na utadhani waya umekatika. Pandisha sauti kwenye chombo chenyewe karibu na mwisho, kisha urekebishe kifundo cha kadi mpaka vilele vifike kama desibeli 12 chini ya sifuri. Ukirekodi kwa biti 24, huna sababu ya kuisukuma mita hadi kwenye nyekundu.

Tundu la AUDIO IN lililo karibu na hilo liache lilivyo. Hilo ni la kupitisha sauti ya nje kwenye kichujio cha sinthesaiza, na halihusiki na shida yako.

Bi_Studio_Mombasa

Ndugu yangu, nota kujirudia kuna vyanzo viwili vinavyofanana sana masikioni, na dawa zake ni tofauti. Kabla ya kubadilisha chochote, rekodi nota moja fupi, kisha ikuze picha ya wimbi uitazame kwa karibu.

Ukiona wimbi limeanza mara mbili, na mianzo hiyo imeachana kwa milisekunde chache, basi nota yenyewe inapigwa mara mbili. Unapobonyeza kitufe, Minilogue inatoa sauti papo hapo, na wakati huohuo inaituma nota kwenye REAPER. REAPER nayo, kwa kuwa umeiagiza ielekeze MIDI kwenye SOUND, inairudisha nota ileile kwenye sinthesaiza. Mbali na kuharibu mwanzo wa nota, mzunguko huu unaweza kumeza nota zako, kwa sababu chombo hiki kina sauti nne tu, yaani hutoa nota nne tu kwa wakati mmoja. Ukipiga kodi ya nota tatu (nota zinazopigwa pamoja) ukaona moja inamezwa, usishangae. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya jumla ya chombo, utafute "Local SW", uizime. Vitufe havitaipiga tena sauti ya ndani moja kwa moja. Vitaiandikia REAPER, na REAPER ndiyo itakayoipiga. Siku utakayocheza jukwaani bila kompyuta, kumbuka kuiwasha tena, la sivyo utabonyeza na hutasikia kitu.

Ukiona wimbi ni safi lakini masikioni nota ni mbili, basi unaisikiliza sauti moja kupitia njia mbili. Kadi yako ina swichi ya kusikiliza moja kwa moja, na REAPER ina kitufe cha kusikiliza kwenye kila traki inayorekodi. Acha kimoja tu. Mimi huacha ile ya kwenye kadi, kwa kuwa haina ucheleweshaji unaosikika.

Jenereta_Kisumu

Kuhusu mvumo, mimi nilishauriwa na fundi wa redio kwamba ukitoa pini ya ethi kwenye plagi ya chaja ya kompyuta, kelele zote zinaondoka. Kwa kweli ziliondoka.

Mzee_wa_Mitambo

Ndugu yangu wa Kisumu, nakuomba uirudishe pini hiyo leo, na Kinanda_Tanga asithubutu kuufuata ushauri huo. Ethi ipo ili umeme ukivuja kwenye chaja iliyoharibika upite ardhini badala ya kupita mwilini mwako, na mpiga kinanda ana mikono juu ya chombo muda wote. Ni kweli kelele zinaondoka, kwa sababu umekata mzunguko. Lakini mzunguko huo unaweza kukatwa mahali ambapo hapamuui mtu.

Hebu tuuangalie mzunguko wenyewe. Kompyuta imegusana na sinthesaiza kupitia waya wa USB. Sinthesaiza imegusana na kadi ya sauti kupitia waya wa jeki. Kadi nayo imerudi kwenye kompyuta kwa USB yake. Hapo upande wa ardhi wa nyaya hizo umefanya duara kamili, na takataka za umeme za kompyuta, pamoja na zile za chaja, zinazunguka humo na kuingia kwenye sauti. Ule mlio mwembamba unaobadilika ukisogeza kipanya ni dalili yake ya wazi. Jaribu kuchomoa chaja ukutani na kufanya kazi kwa betri, kisha rudisha chaja na uchomoe USB ya sinthesaiza peke yake. Kelele ikikatika katika jaribio lolote kati ya hayo, umeshampata mwizi.

Tiba ya kwanza haina gharama: vifaa vyote vichukue umeme kwenye soketi moja ya ukutani kupitia ekstensheni moja iliyo nzima. Isipotosha, acha kutumia USB kwa ajili ya MIDI, utumie matundu ya pini tano. Hapa niwaeleze jambo ninalolistahi sana. MIDI ilipotangazwa mwaka 1983, baada ya kazi iliyosukumwa na Dave Smith wa Sequential Circuits na Ikutaro Kakehashi wa Roland, kanuni zake ziliagiza kwamba ndani ya kila tundu la kuingilia kuwe na taa ndogo na kipokea mwanga. Ujumbe unavuka kwa mwanga, hivyo hakuna waya wa umeme unaounganisha chombo kimoja na kingine, na duara la ardhi halipati pa kupita. Walilitazama tatizo lako miaka mingi kabla ya USB kuwapo.

Scarlett 2i2 haina matundu ya MIDI, kwa hiyo utahitaji kibadilishi cha USB kwenda MIDI. Usiogope kasi yake. Njia ya pini tano hupitisha biti 31,250 kwa sekunde, na nota moja huchukua karibu milisekunde 1, jambo ambalo kwa chombo cha sauti nne halina madhara yoyote. Ukishindwa kupata kibadilishi, sanduku la DI (kisanduku cha kuunganisha chombo na ingizo la kipaza sauti) lenye transfoma likiwekwa kwenye waya wa sauti litafanya kazi hiyohiyo upande wa pili. Katika hali hiyo waya unaotoka kwenye sanduku utaingia kwenye kadi kwa plagi ya kipaza sauti.

FundiSauti_Morogoro

Limebaki la kuchelewa. Hakikisha kwanza kwamba REAPER inatumia draiva (programu inayounganisha kompyuta na kadi) ya ASIO ya Focusrite yenyewe, wala si draiva ya kawaida ya Windows. Kisha punguza bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kukishughulikia. Bafa ya sampuli 128 kwa kiwango cha sampuli 44,100 kwa sekunde ni karibu milisekunde 2.9, ya sampuli 1024 ni zaidi ya 23, na hiyo mkono unaihisi.

Bi_Studio_Mombasa

Kaka Fundi, nakubaliana nawe kuhusu draiva, ila hapa tusichanganye mambo mawili. Bafa kubwa inamchelewesha mchezaji kusikia anachokicheza. Yeye amelalamika kuhusu mahali sauti inapokaa baada ya kurekodiwa, na hilo REAPER hulifidia yenyewe kwa kutumia takwimu inazopewa na draiva. Isichoweza kukijua ni muda unaotumika tangu nota itoke kwenye kompyuta, ifike kwenye sinthesaiza, isomwe, hadi sauti ianze kutoka. Muda huo inabidi aupime mwenyewe.

Chagua sauti yenye mwanzo mkali, isiyopanda taratibu. Andika nota za MIDI zilizokaa sawasawa juu ya mistari ya mapigo, zipige, rekodi sauti yake, kisha kuza picha upime umbali kati ya mstari na mwanzo wa wimbi. Tuseme umepata milisekunde 7. Basi isogeze sauti iliyorekodiwa kushoto kwa kiasi hicho ili ianze mapema zaidi, na kila utakaporekodi kwa mipangilio ileile fanya vivyo hivyo. Ukibadilisha bafa, pima upya.

Kinanda_Tanga

Nawashukuru sana, tena kwa dhati. Nimezima Local SW na picha ya wimbi sasa ina mwanzo mmoja. Kodi za nota nne zinatoka kamili. Mlio ulikatika mara tu nilipochomoa USB, kwa hiyo naagiza kibadilishi cha MIDI, na kwa sasa narekodi kwa betri. Kipimo cha kuchelewa nimekifanya na besi imekaa juu ya ngoma.

Nina mawili ya mwisho. Je, nibaki na MIDI kwenye mradi ili nibadilishe baadaye, au nirekodi sauti mara moja? Na ile sikwensa ya hatua 16 ya Minilogue, inayopiga nota zilizopangwa yenyewe, inawezaje kufuata kasi ya REAPER?

Mzee_wa_Mitambo

Fanya yote mawili, lakini sauti usiicheleweshe. Chombo hiki hutoa aina moja tu ya mlio kwa wakati mmoja. Ukitaka besi, zumari na kodi, utaipitisha MIDI ya kila kipande peke yake, uirekodi kwenye traki yake, ndipo ubadilishe mlio kwa kipande kinachofuata. Hifadhi mlio kwenye kumbukumbu ya chombo kabla hujauacha, na jina la traki liwe na namba yake. Mradi wa REAPER unahifadhi nota zako, hauhifadhi mahali vifundo vilipokuwa, na atakayerudi baada ya wiki kadhaa akiwa na MIDI peke yake ataitafuta besi ile bila kuipata. Pia iache sinthesaiza ipate joto kwanza kabla ya kurekodi, kwa maana saketi za analogi huhama kidogo katika tyuni zinapokuwa bado baridi.

FundiSauti_Morogoro

Kwa sikwensa, ingia kwenye mipangilio ya jumla ya Minilogue uweke chanzo cha saa, yaani mapigo yanayopanga kasi, kuwa "Auto (USB)". Ukihamia kwenye pini tano utabadilisha kiwe "Auto (MIDI)". Ndani ya REAPER, rudi kwenye orodha ya milango ya MIDI ya kutoka, fungua mipangilio ya SOUND, na uruhusu itume saa. REAPER itatuma mapigo 24 kwa kila robo nota, na sikwensa itaanza na kusimama pamoja na mradi. Ikiwa itakimbia mara mbili au kusuasua, angalia kama mlango mwingine nao umeruhusiwa kutuma saa, uuzime.